Sentensi Ishirini na Nne za Lali wa Kiunga

Nyinyi mlioajiriwa juzi mnanijia nyumbani na madaftari yenu mkitaka niwape siri ya kusomesha Kiingereza. Siri sina. Nina miaka thelathini na tatu ya vumbi la chaki kifuani, goti moja bovu, na orodha ya sentensi ishirini na nne ambayo nimekataa kumpa mtu yeyote tangu nikiwa kijana. Mwenzenu mmoja aliniomba niinakili, nikamwambia imeliwa na mchwa. Haijaliwa, imo kwenye kasha pale ndani. Leo nitawaeleza kwa nini nilisema uongo. Kahawa hiyo, tende hizo, na simu zenu zitieni mfukoni, maana mimi nikizungumza sipendi kushindana na mlio.

Tuanze na kazi yenyewe. Waingereza wana maneno yao machache ya kuweza, ya kuruhusu na ya kulazimisha: can, may, must, should. Wakitaka kukataa, wanatia not baada ya neno hilo. Hapo hapana taabu, hata mtoto wa darasa la tatu ataipata. Taabu huanza anapoingia mgeni wa tatu, kijineno cha kueleza ni lini au ni kwa kiasi gani: always, yet, ever, really. Mgeni huyo ana kikao chake. Akae baada ya not na kabla ya kitendo. I cannot always come, siwezi kuja kila mara. You must not ever run, usikimbie kamwe. Shikeni hilo, mtakuwa mmeshajua nusu ya nilichokuwa nakijua mimi siku niliyostaafu.

Sasa sisi watu wa Amu, ndiyo Lamu, na Pate, na ule upande wa Kiunga, kukataa kwetu kumo tumboni mwa kitendo. Siwezi ni neno moja, limeshafungwa, huwezi kulipasua katikati ukamkalisha mtu. Basi mwanafunzi wetu akifika kwenye Kiingereza hajui huyo mgeni amtie wapi. Mara amsimamishe mlangoni mbele ya wote, mara amwache nje kabisa. Atasema I always cannot come, na Mzungu atafahamu kwamba bwana huyu hajapata kuja hata siku moja tangu azaliwe. Ni kosa dogo. Lakini miaka ile ya hamsini mimi sikuliona dogo. Nililiona ndilo kosa kuu la nti nzima, yaani nchi, na mimi ndiye niliyeletwa duniani kulimaliza. Nilikuwa na cheti cha Mombasa na miwani ambayo, nikisema kweli, sikuihitaji sana.

Namna yangu ya kusomesha sikuitoa Mombasa. Niliitoa chuoni kwa Bi Zena, mtaa huu huu, nyumba ya kuelekeana na yetu. Chuo nasema kile cha Kurani, msije mkanielewa vingine. Bi Zena ndiye aliyenisomesha alifu na be, na ndiye aliyesomesha nusu ya wanaume mnaowaona wakikaa msikitini safu ya mbele. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkali wa ulimi, na kijiti chake cha mkunazi hakikupiga mtoto, kilipiga ubao tu. Ukikosea hata irabu moja, kijiti kilisema ta, na yeye alisema neno moja: mwando. Yaani mwanzo, kwa sisi tusemao Kiamu. Hukuelezwa umekosea wapi. Ulirudi kichwani mwa somo ukaanza upya, hata kama ulikuwa umebakiza mstari mmoja. Nilirudi mwando mara nyingi mpaka neno lile likaingia kwenye mifupa. Likitajwa, mdomo waanza wenyewe.

Nilipokuwa mwalimu, nilifanya vivyo hivyo na Kiingereza. Sikujiuliza hata kidogo kama vitu hivyo viwili ni sawa. Niliandika sentensi ishirini na nne, kila moja ina kukataa na ina mgeni wake mahali pake, nikazipa nambari na lahani kidogo ili zikae. Wanafunzi walizisoma wakiyumba mbele na nyuma kama chuoni. Aliyekosea niligonga meza kwa ukucha, ta, nikasema mwando. Watu waliopita njiani walisimama kusikiliza. Wakaguzi walisifu. Nami nilivimba kichwa, siwafichi.

Ndipo akaja Lali.

Lali alikuwa mtu wa Kiunga, umri kama miaka thelathini, dresa msaidizi katika hospitali hapa Amu. Dresa siku hizo ndiye mfunga vidonda, mpiga sindano, mgawa dawa, na pale ambapo daktari hayupo ndiye daktari. Mikono yake ilikuwa na sifa. Watu walitoka Matondoni kwa miguu wakapita wauguzi wengine wote wakaulizia yule Mbajuni mpole. Mpole alikuwa kweli, na mwenye adabu ya kupindukia. Alikuja kwangu baada ya alasiri moja, akakataa kukaa kwenye daka, kile kibaraza cha mlangoni, mpaka nilipomwambia mara tatu.

Aliniambia haja yake kwa maneno machache. Serikali ilikuwa inataka kufungua zahanati huko kwao Kiunga, chumba kimoja, kitanda kimoja na sanduku la dawa. Daktari mkubwa wa mkoa angekuja baada ya miezi mitatu kumhoji mtu wa kuishika. Sharti lilikuwa moja tu lililomtisha, nalo ni kwamba mtu huyo ahojiwe kwa Kiingereza na aweze kuandika ripoti ya kila mwezi kwa lugha hiyo. Katika madresa wa Amu, hakuna mwingine aliyekubali kwenda kuishi Kiunga. Lali akishindwa, kitanda na sanduku vingepelekwa mahali pengine pwani, na Kiunga ingesubiri hadi ikumbukwe tena.

Nikamuuliza kwa nini asibaki mjini kama wenziwe, palipo na soko na watu. Kisha akanieleza kwamba dada yake alishikwa na uchungu wa uzazi huko Kiunga, siku ya pili wakamtia mashuani kumleta hapa, na hawakufika. Walipofika usawa wa Mkokoni alikuwa ameshakufa. Wakamzika Mkokoni, kwa sababu joto lilikuwa kali. Yeye Lali alipata habari hapa Amu, akiwa anafunga kidonda cha mtu aliyekatwa na chaza. Alinieleza hayo bila kubadilisha sauti, akaniuliza kama alasiri ndio wakati unaonifaa au ningependa asubuhi.

Tukaanza kesho yake. Mimi nilikuwa na tabia ya kudarizi kofia huku nikisikiliza, kama wanaume wengi wa mji huu, na nawaambieni hiyo ni dawa nzuri kwa mwalimu, maana mikono ikiwa na kazi mdomo hupunguza kuingilia. Kwangu mimi haikupunguza kitu. Lali alikaa upande ule wa daka, mimi upande huu, akasoma. Akikosa, niliacha sindano nikagonga jiwe la daka kwa ukucha. Mwando. Naye hakupata kununa hata mara moja. Alirudi sentensi ya kwanza kwa adabu ileile: I cannot always come early. Siwezi kuja mapema kila mara. Ya pili: You must not ever run in the ward. Ya tatu: The boat may not yet be ready. Ya tatu ilimaanisha chombo huenda hakijawa tayari, na hiyo, kama zile za hospitali, niliiandika kwa ajili yake, nikatoa za zamani.

Kofia ya kwanza iliisha naye akiwa kwenye sentensi ya kumi. Tatizo lake lilikuwa lile lile, mgeni mlangoni. I always cannot. Nilimweleza kila namna. Nilimwambia, Lali, ukiandika hivyo kwenye ripoti ya mwezi, umemwambia daktari kwamba hujapata kumponya mtu hata mmoja maishani. Alishika mdomo, akastaajabu, akasema astaghfirullahi, na baada ya dakika mbili akasema vilevile.

Kulikuwa na kituko kimoja lazima niwape, kwa sababu hamtakisikia kwingine. Karatasi niliyompa ilirowa, basi aliazima ubao wa chuo, ule wa mbao, akaziandika zile sentensi kwa wino wa masizi apate kuzisoma kitandani. Mama yake alikuwa amekuja kutoka Kiunga kumtazama. Bibi wa watu aliona mwanawe hali chakula, halali usingizi, kakumbatia ubao. Yeye alijua jambo moja kuhusu ubao ulioandikwa, kwamba mgonjwa husafishiwa maandishi kwa maji ya waridi akanywa, na baraka ikaingia. Akauosha ule ubao ndani ya bakuli, akampa mwanawe. Na Lali, kwa ile adabu yake, hakuweza kumkatalia mama. Akanywa sentensi kumi na saba za Kiingereza. Alikuja kwangu siku ya pili midomo bado ina weusi, akaniuliza kwa hofu kama kuna dhambi. Nilimpeleka kwa Bi Zena akaulize mwenyewe. Bi Zena alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akamwambia ni masizi tu, yatatoka, na asirudie, na mama yake asiambiwe neno.

Lakini siku ileile Bi Zena alinitolea kasoro ambayo sikuitaka. Kwa kuwa nyumba zetu zaelekeana, alikuwa akitusikia kila alasiri. Akamwambia Lali aseme ile ya kidonda kichafu. Ilikuwa sentensi ya kumi na saba. Lali alifungua mdomo, akaufunga, kisha akaanza na ile ya kwanza, siwezi kuja mapema, akapita zote haraka haraka kwa sauti ya chini mpaka akaifikia ya kumi na saba, akaitoa sawasawa. Bi Zena akanigeukia, akaniita kwa jina.

"Famau, huyu wamfunda kusema au wamfunda kurejea?"

Nikamjibu kwa adabu kwamba hiyo ndiyo njia yake mwenyewe, mimi nimeirithi kwake. Akasema kile ni Kitabu cha Mungu, hakipunguzwi herufi wala hakiongezwi, ndiyo maana mtu hurejea mwando. Maneno ya watu hayakuteremshwa. Mtu huyasema yakapita, akasema mengine. Tena alinambia hata chuoni mwake anayetaka kuhifadhi hujaribiwa kwa kuanziwa katikati, na mimi nilitoka kabla sijafika huko kwa sababu nilikuwa na haraka ya kwenda shule ya Wazungu. Alisema hayo yote akiwa anachambua mchele, hata hakunitazama. Niliudhika. Nilijiambia bibi huyu ajua nini kuhusu Kiingereza. Miezi miwili ilikuwa imebaki, na ingetosha kabisa kumzoeza Lali kuanzia katikati. Sikumzoeza. Niliendelea na ukucha wangu.

Nataka mnifahamu vizuri hapa. Watu wengi wakisimulia makosa yao ya ujana huyapaka sukari. Langu lilikuwa kiburi, basi.

Daktari mkubwa alifika kwa chombo kutoka Mombasa, Mzungu mrefu mwenye mgongo uliopinda kidogo, amekaa pwani miaka mingi. Mahojiano yalifanyika hospitalini, katika chumba cha madawa, meza moja na viti vitatu. Kiti cha tatu kilikuwa changu. Kwenye fomu ya Lali palikuwa na mstari mmoja wa mwalimu wake kuandika kama Kiingereza chake kinatosha au hakitoshi, na kutia sahihi, na daktari alitaka mwalimu huyo aandike baada ya kusikia kwa masikio yake. Niliambiwa nikae nisikilize. Sikuambiwa niseme.

Lali aliingia amevaa kanzu nyeupe na koti, kofia kichwani ni moja ya zile nilizodarizi akiwa anasoma. Alisalimu, akakaa ukingoni mwa kiti.

Maswali ya mwanzo yalikwenda. Daktari alimuuliza kama chombo cha Kiunga hutoka kila siku. Midomo ya Lali ilicheza kidogo, akatoa ile ya tatu, chombo huenda hakijawa tayari. Ilifaa. Aliulizwa kuhusu vidonda. Hapo midomo ilicheza kwa muda mrefu, macho ameyainamisha, na mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba mtu huyu yuko njiani, anapita sentensi ya tano, ya tisa, ya kumi na mbili. Daktari aliweka kalamu chini akangoja kwa heshima. Baadaye aliniambia alidhani Lali anasoma dua kabla ya kila jibu. Jibu likaja, limenyooka, mgeni yuko kwenye kikao chake. Daktari akaandika. Nami nikatazama dari kama mtu asiyehusika, lakini moyoni nilikuwa nimeshamtilia sahihi.

Kisha daktari akaacha karatasi zake. Akamuuliza swali moja polepole, kwa Kiingereza chepesi. Mwanamke ameletwa kwako Kiunga, ana uchungu siku ya pili, mtoto amelala vibaya, na hapa kwetu ni mbali. Je, utaweza kumwokoa?

Midomo ya Lali ikaanza kucheza. Nilihesabu naye. Nilijua kuanzia hapo kwamba hakuna sentensi ya kumjibu, kwa sababu mimi ndiye niliyeziandika. Niliandika za kuchelewa, za kukimbia wodini, za vidonda, za kuchemsha sindano, ya mvua, hata ya mkaguzi. Ya mwanamke mwenye uchungu sikuiandika. Mtu alikaa kwenye daka langu miezi mitatu, nimeshaambiwa dada yake amezikwa Mkokoni, na sikuiandika. Nilimwona akifika ya ishirini na nne. Midomo ikasimama. Daktari akabadilisha mguu.

Lali akainua macho. Akasema, na hii nawapa kama alivyoisema:

"I always cannot, sir. But I go with her in the boat."

Mnaona lilivyo. Mgeni mlangoni, kosa lile lile la miezi mitatu. Lakini ilikuwa sentensi ya kwanza katika maisha yake aliyoisema kwa Kiingereza bila ya mimi kumtilia mdomoni. Alisema hawezi kila mara, ila atapanda naye chomboni. Mtu mwenye akili angenyamaza.

Ukucha wangu uligonga meza. Wallahi sikuutuma. Ta. Na mdomo wangu ukasema, "Mwando."

Uso wa Lali ulizimika. Mgongo wake ukanyooka kama wa mtoto wa chuo, akaanza kuyumba kidogo mbele na nyuma, na kwa ile lahani yangu akasema kwa sauti mbele ya daktari mkubwa wa mkoa: siwezi kuja mapema kila mara. Usikimbie kamwe wodini. Chombo huenda hakijawa tayari. Daktari akanitazama mimi, akamtazama yeye, akanitazama tena. Ya nne. Ya tano. Nilitaka kumzuia na sikuwa na neno la kumzuia, kwa sababu katika njia yetu hakuna neno la kumzuia mtu. Lipo la kumrudisha tu. Nikaona zahanati ya Kiunga inazama mbele ya macho yangu, na kitanda chake, na sanduku lake, na aliyeizamisha ni mimi kwa ukucha mmoja. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tena, na nimeishi miaka mingi, nimeona mengi ya aibu.

Alipofika ya saba alinyamaza katikati ya sentensi. Kisha akanigeukia, na kwa Kiamu, kwa sauti ya chini kabisa, akasema:

"Mwalimu, niwate."

Niache. Ndilo alilosema. Nyinyi wa siku hizi mtaona si kitu, mnajibizana na walimu kwenye simu. Mtu mzima wa wakati ule, mpole kama yule, kumwambia mwalimu wake maneno hayo mbele ya mgeni, ilikuwa kama kumvua kofia kichwani. Sikumbuki kama kabla yake kuna mtu aliyewahi kuniambia. Halafu akamgeukia daktari, akasema tena maneno yale yale, na akayasema yale yale na kosa lake, polepole zaidi: I always cannot. But I go with her in the boat. Na akaongeza, my sister, no one go with her. Dada yangu, hakuna aliyekwenda naye. Alimaanisha hakuna mwenye dawa, maana ndugu walikuwemo, lakini hakuwa na Kiingereza cha kuyapanga yote hayo.

Daktari hakuandika kitu. Baada ya muda alimshukuru, akamwambia anaweza kutoka. Lali alitoka bila kunitazama, na viatu alivisahau mlangoni.

Tukabaki wawili. Daktari akaisukuma fomu upande wangu, akaweka kidole kwenye ule mstari. Akaniambia kwa Kiswahili, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko Kiingereza cha Lali, "Mimi nimemfahamu. Sasa niandikie wewe kama umemfahamu."

Nilishika kalamu. Nawaambia kweli, hata hapo sehemu yangu moja ilikuwa inahesabu makosa. Always mahali sipo. Go badala ya will go. Nilikuwa nimewafelisha vijana wa darasa la saba kwa chini ya hayo, na baadhi yao wakaishia kupara samaki, wala sikukosa usingizi. Nikaandika kwamba Kiingereza chake kinatosha. Nikatia sahihi, na wino ulidondoka nikaufuta kwa kiganja.

Lali alikwenda Kiunga kabla ya mwezi kwisha. Hakuja kuniaga, na sikumlaumu. Alimtuma mtu na kikapu cha samaki wakavu na salamu, na viatu vyake nilimpelekea kwa mtu huyohuyo. Bi Zena nilimweleza yote mwenyewe, kabla hajayasikia kwingine. Nilitaraji anicheke. Hakucheka. Aliuliza tu kama mtoto wa watu amepata kazi. Nilipomwambia amepata, akarudi kwenye mchele wake.

Mwaka huo nilibadilisha namna ya kusomesha. Msidhani niligeuka malaika, ukucha ulichukua muda mrefu kuacha kugonga, na kuna wanafunzi wa miaka ya sitini watakaowaambia niligonga mpaka lini. Lakini zile sentensi nilizitia kwenye kasha. Nikaanza kuwauliza wanafunzi mambo yao wenyewe, nani mgonjwa nyumbani, baba karudi na nini kutoka baharini, nikawaacha waseme hadi wamalize, kisha ndipo tukaenda kumtafuta mgeni na kumkalisha. Inachukua muda zaidi. Wakaguzi hawakusifu tena, walisema darasa langu lina kelele. Mgeni anafika kwenye kikao chake vilevile, ila huchelewa, na akifika hakai kwa sababu amefukuzwa huko kwingine.

Siku moja adhuhuri, baada ya karibu mwaka, nilikuwa gatini nangoja maboksi ya vitabu. Chombo kutoka kaskazini kikafunga. Wakateremsha kitanda cha kamba, juu yake mwanamke amefunikwa buibui mpaka kidevuni, uso umekuwa kama majivu. Nyuma ya kitanda akashuka Lali, amemshika mwanamke yule mkono penye mshipa, midomo inahesabu. Kanzu ilikuwa imelowa mpaka magotini, na alionekana hajalala siku mbili. Aliniona. Nami nilishika mguu mmoja wa kitanda kwa sababu waliokuwapo walikuwa watatu, tukampandisha mpaka hospitali. Mlangoni Lali akanitazama mara moja, akasema, "Ahsante, Mwalimu," akaingia naye ndani.

Mwanamke yule alipona, na mtoto pia. Miezi michache baadaye alimleta mwingine, na huyo alikufa njiani, kabla ya kufika Manda. Lali alishuka naye vilevile, amemshika mkono vilevile.

Ripoti zake za mwezi zilipitia kwangu kwa miaka sita. Ofisi ya hospitali iliniomba nizisahihishe kabla hazijapelekwa Mombasa, nami nilifanya kazi hiyo kwa uangalifu, kalamu nyekundu, mstari kwa mstari. Nilirekebisha majina ya dawa, nikarekebisha nyakati, nikaweka nukta. Mwisho wa kila ripoti, chini ya hesabu ya waliokuja na waliopona, Lali aliandika sentensi moja ileile, na mgeni wake akiwa mlangoni mbele ya wote. I always cannot. Kila mwezi niliifikia, nikainua kalamu, nikaiwata ilivyo.